Majibu yangu na daftari la Mangi

"Dawa unakunywa vizuri, mama?"

"Ndiyo, dokta."

Hakuinua uso. Nje benchi lilikuwa limejaa, mtoto wa mtu analia, na mhudumu alikwisha kuchungulia mlangoni mara mbili. Dokta akayatazama tena majibu yangu ya maabara, akasema TSH, kile kipimo cha tezi ya shingoni, imepanda sana, dozi haitoshi. Palipoandikwa mikrogramu 100 akapiga mstari, akaandika 125.

Nikasema ahsante.

Nikatoka na karatasi yangu ya dawa, nikijua jambo ambalo yeye hakulijua. Dozi ilikuwa inatosha. Tatizo ni kwamba sikuwa nimeimeza.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Sasa ni Februari, na ile "ndiyo, dokta" bado inanirudia nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni ya daladala, hata katikati ya swala, Mungu anisamehe.

Siku ishirini na nne za Muheza

Shangazi aliyenilea alifariki mwanzoni mwa Septemba. Misiba ya kwetu mnaijua, sina haja ya kuieleza. Niseme tu kwamba tulilala wanawake zaidi ya ishirini kwenye mikeka ya chumba kimoja, na nilikaa siku ishirini na nne, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mama yangu kwa kila kitu isipokuwa kunizaa.

Kidonge changu kina madeko yake. Kinataka tumbo tupu, maji matupu, kisha nikae nusu saa hadi saa nzima bila chai. Nyumbani hilo ni jambo dogo, nakimeza nikiamka kwa ajili ya alfajiri na kufika saa moja nimeshasahau. Msibani chai ya maziwa inakufuata ulipo kabla hujajifunga kanga sawasawa, na aliyekuletea amesimama anasubiri upokee.

Siku ya pili nilijibanza kona, nikabonyeza kidonge kitoke kwenye pakiti. Ile karatasi ya bati ikalia *ka!* na vichwa vitatu vikageuka.

Mke wa mjomba akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa huruma iliyozidi kipimo: "Mwanangu, umeanza lini?"

Nilijua anauliza nini. Kidonge cha kila siku, alfajiri, kwenye kona. Mtaani kwetu kina tafsiri moja tu.

Nikamwambia ni cha tezi.

"Tezi? Si ya wanaume hiyo?"

Mtu akacheka. Ndiyo shida ya ugonjwa wangu kwa Kiswahili: ukisema tezi watu wanasikia tezi dume. Nikaonyesha shingo. Akaniangalia shingo, akaipapasa kabisa kama anachagua embe, akasema, "Mbona huna rovu?" Zamani, akasema, ndiyo watu walikuwa na marovu, kabla ya chumvi ya madini joto. Nikaanza kueleza kwamba tezi inaweza kufa kimyakimya bila kuvimba, kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayoishambulia. Nikaona anaitikia kwa kichwa namna ile watu wanavyomwitikia anayedanganya kwa heshima.

Kesho yake sikumeza. Wala kesho kutwa.

Nina rafiki anayetumia dawa za kufubaza virusi kwa miaka mingi, anazimeza mbele za watu, hata harusini, huku anacheka. Mimi nilikimbia kufananishwa tu. Hili sijalimaliza na nafsi yangu na sidhani kama nitalimaliza kwenye makala hii.

Wiki ya tatu nilikuwa najifunga shuka wakati wenzangu wanajipepea. Choo kikawa kigumu, sauti ikawa nzito, asubuhi kope zimevimba. Kila mtu alisema ni majonzi. Na mimi nikakubali. Majonzi na upungufu wa homoni vinafanana kama watoto pacha, na nilikuwa navyo vyote viwili.

Kulipa kadha

Nilirudi Dar Jumamosi. Kliniki yangu ilikuwa Ijumaa.

Mwanamke wa Kiislamu hafundishwi hesabu ya siku zilizopita. Tangu nivunje ungo nimekuwa nalipa kadha, yaani funga za Ramadhani zilizonipita. Unazihesabu, unazilipa, unakuwa umesafishika. Basi nikaanza kulipa: vidonge viwili kila asubuhi badala ya kimoja, siku tano mfululizo. Na asubuhi ya kipimo nikameza viwili vingine kabla ya kutoka nyumbani.

(Usifanye hivi. Ningekuwa na moyo wenye hitilafu, leo mtu mwingine angekuwa anaandika habari zangu.)

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa namficha nani nini. Daktari hakuwa shemeji yangu. Angenigombeza kwa dakika moja, akaniita anayefuata. Nadhani nilitaka karatasi iseme mimi ni mgonjwa mzuri, kama mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani baada ya kuzurura muhula mzima.

Karatasi ikasema hivi. T4 huru, yaani homoni ya tezi iliyomo kwenye damu: 19.6, na kiwango cha maabara ile ni 12 hadi 22. TSH: 18.4, na kiwango ni 0.27 hadi 4.20.

Moja inasema mgonjwa ana dawa tele mwilini. Nyingine inasema mgonjwa ana njaa ya dawa. Kwenye ukurasa mmoja, zimepishana mstari mmoja tu.

Daftari la Mangi

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, siyo mtu wa tiba. Lakini baada ya miezi kadhaa ya kusoma na kuuliza, haya ndiyo niliyoyaelewa, kwa lugha ninayoweza kuieleza.

T4 ndiyo homoni yenyewe, ile iliyomo kwenye kidonge. Kupima T4 ni kuangalia umeshika shilingi ngapi mkononi sasa hivi. Ukitoka kumeza kidonge, kwa saa kadhaa mkono unaonekana umejaa kuliko kawaida yako. Ndiyo maana siku ya kipimo wengi huambiwa wakimeze baada ya kutolewa damu.

TSH haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo kama punje ya njegere iliyoning'inia chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingoni izalishe. Homoni ikipungua, inapiga kelele. Homoni ikizidi, inanyamaza. Lakini haibadiliki kwa siku moja wala sita. Ni daftari la Mangi la madeni. Unaweza kuingia dukani leo na noti nyekundu imekunjwa mkononi, Mangi akakusalimia vizuri kabisa, lakini akifungua daftari, sukari na mchele wa wiki tatu zilizopita bado vimo, kwa mwandiko wake.

Ijumaa ile niliingia na noti mkononi. Daftari likanisomea Muheza.

Kuna sababu ya polepole hii. T4 hukaa mwilini muda mrefu: ukiacha kidonge leo, baada ya wiki moja hivi bado unayo nusu yake, wiki ya pili robo, wiki ya tatu thumuni. Ndiyo maana ukiruka siku moja huanguki, na ndiyo maana unajidanganya kwamba dawa haina kazi. Na ukianza upya au ukibadilisha dozi, mwili unahitaji wiki tano au sita kufika pale utakapotulia, na TSH nayo inafuata nyuma. Kipimo kabla ya wiki sita hadi nane ni kusoma barua ambayo bado inaandikwa.

Jambo jingine lilinifurahisha kama mwalimu wa hesabu, ingawa wakati wenyewe haukuwa wa furaha. TSH haipandi kwa kujumlisha, inapanda kwa kuzidisha. T4 ya mtu ikishuka hadi nusu, TSH yake inaweza kupanda takriban mara mia. Kwa hiyo 18 siyo ugonjwa mara nne ya 4.5. Ni sauti iliyopandishwa kwa mtikisiko mdogo tu. Siku niliyogunduliwa, miaka sita nyuma, TSH yangu ilikuwa 64 na nilidhani nakufa. Daktari wa wakati ule hata hakushtuka.

Na mkibadilisha maabara, tazameni vipimo vinaandikwa kwa uniti gani. Kuna mwaka T4 yangu ilitoka 17 ikawa 1.3, nikampigia dada yangu simu nalia. Kumbe maabara ya kwanza ilitumia pikomoli kwa lita na ya pili nanogramu kwa desilita. Ilikuwa namba ileile, imevaa kanga nyingine.

"Imeshuka, alhamdulillahi"

Nikaanza kumeza 125. Safari hii bila kuruka hata siku moja, kwa adabu ya mwenye hatia.

Katikati ya Novemba nilianza kuamka saa nane usiku moyo unadunda kama mtu anatwanga. Vidole vilitetemeka nikishika chaki, hata mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Madam, unaumwa?" Jasho likawa haliishi. Nikasema ni joto, kaskazi limeanza. Kisha nikasema ni umri, nina miaka arobaini na tatu, labda hedhi inaaga. Nilikuwa na maelezo mengi, isipokuwa lile moja nililolijua.

Desemba nikarudi maabara. TSH: 0.11. T4 huru: 23.4.

Mume wangu ana kisukari. Yeye ndiye aliyeifungua karatasi kwanza, akasoma mstari wa TSH kwa sauti, kutoka kumi na nane hadi sifuri nukta, akainua mikono. "Imeshuka, alhamdulillahi! Umeona?"

Kwake, na kwa nyumba yetu nzima, kipimo kizuri ni kilichoshuka. Sukari ikishuka tunashukuru, presha ikishuka tunashukuru. Nilishindwa kumwambia kwamba hapa kushuka kunamaanisha kinyume: TSH ikianguka hivi, dawa imezidi. Ikikaa chini muda mrefu, moyo unaweza kupoteza mpigo wake, na mifupa inaanza kuliwa taratibu.

Nilichukua karatasi nikaikunja. Akanifanyia juisi ya ukwaju.

Usiku mrefu

Wiki hiyo nilifanya kitu cha kijinga zaidi ya Muheza. Nilifikiria kurudi kwenye 100 kimyakimya. Pakiti ya zamani bado nilikuwa nayo. Ningemeza 100, Januari ningepima, TSH ingekuwa nzuri, daktari angefurahi na 125 yake, na faili langu lingebaki limeandikwa 125 milele. Kisha siku moja, daktari mwingine, mahali pengine, pengine nimelazwa sijitambui, angelisoma faili hilo na kunipa dozi iliyoandikwa.

Hilo la mwisho ndilo lililonitoa usingizini.

Usiku huohuo nilisoma habari za mwanamke mmoja wa Uingereza. Mwaka 1891, huko Newcastle, daktari George Murray alimchoma sindano ya maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi ya kondoo. Mama huyo alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, amevimba uso, mzito wa ulimi, anahisi baridi muda wote. Hakukuwa na TSH wakati ule, hakukuwa na kipimo chochote cha damu cha tezi. Daktari alimtazama usoni, akamsikiliza anavyozungumza, akamuuliza anajisikiaje, akampa kulingana na alichojibiwa. Mama yule aliishi miaka ishirini na minane zaidi, hadi 1919, na Murray alikuja kuhesabu kwamba alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Sikumfikiria Murray sana. Nilimfikiria yule mama, na majibu aliyoyatoa alipoulizwa. Tiba yote ilikuwa imesimama juu ya maneno yake. Sisi tuna mashine, tumepata karatasi yenye namba mbili baada ya nukta, na kumbe bado tiba imesimama palepale.

Mama daktari

Kliniki ya mwisho wa Desemba daktari alikuwa mwingine, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akachukua faili, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhesabu vigae vya ukutani.

Aliweka karatasi ya Oktoba na ya Desemba pamoja, akazisogeza zikagusana.

"Mdogo wangu, Septemba ulikuwa wapi?"

Nilianza na safari. Nikasema nilikuwa Tanga. Nikasema msiba. Kisha yakatoka yote, pamoja na mke wa mjomba, pamoja na viwili viwili vya asubuhi. Sikulia, ingawa nilikuwa nimejiandaa kulia.

Hakunigombeza. Aliuliza tu nilimeza viwili kwa siku ngapi, akaandika. Akaniambia karatasi ya Oktoba ilimsumbua mara tu alipoiona, kwa sababu TSH kupanda hivyo huku T4 iko vizuri hakutokei bure. Kwa mtu anayetumia vidonge, jambo la kwanza analoliuliza ni kama vilirukwa kisha vikarudiwa karibu na kipimo. Baada ya hapo anauliza kama kuna kitu kinachovuruga mashine yenyewe, na hapo akanisimulia habari za vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, ambavyo kwenye baadhi ya mashine huishusha TSH na kuipandisha T4 kwa uongo, mgonjwa akaonekana amezidishiwa dawa wakati hajazidishiwa. Mara chache sana, akasema, chanzo kinakuwa uvimbe kwenye ile tezi ya chini ya ubongo.

"Ungeendelea kuniambia umemeza vizuri, na mimi ningekuamini," alisema, "ningekupeleka ukapigwa picha ya kichwa."

Nilifikiria bei ya picha ya kichwa. Nilifikiria mume wangu anatafuta pesa hiyo, kwa sababu ya *ka!* ya pakiti moja.

Sitaki kumbebesha yule dokta wa Oktoba mzigo wangu. Angeweza kuona kwamba namba zile mbili zinagombana, ndiyo. Angeweza kuuliza swali la pili. Lakini la kwanza aliliuliza, na nilimjibu.

Mama daktari akanirudisha kwenye 100. Akasema nipime tena baada ya wiki nane, nisiguse chochote katikati, na kama nameza vidonge vya chuma au kalisi niviache mbali na hiki kwa saa nne. Nilipokuwa nasimama akaniuliza kama usiku kabla ya kulala, saa tatu hivi baada ya chakula, ni rahisi zaidi kwangu nikiwa ugenini. Watu wengi hufanya hivyo wakati wa Ramadhani, akasema. Gizani hakuna anayekutazama.

Miaka sita, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inawezekana. Wala mimi sikuwahi kuuliza.

Nyumbani

Kumwambia mume wangu ilikuwa kazi kuliko kumwambia daktari. Nilisubiri ale. Nilimchorea kwenye daftari la mtoto: huku shingo, huku ubongo, mshale wa kupanda, mshale wa kushuka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile nilishukuru kwa nini?"

Tulicheka. Kisha akanyamaza, akauliza kwa nini sikumpigia simu kutoka Muheza, angemtuma mtu, angekuja mwenyewe. Sikuwa na jibu. Mpaka leo hajaniuliza tena, lakini kila asubuhi nasikia anaacha kuvaa viatu kidogo, mpaka asikie glasi imewekwa juu ya meza.

Sijui kama napenda hilo au silipendi.

Jumatatu, saa mbili

Juzi Jumatatu wiki nane zilitimia. Nilitoka nyumbani bila kumeza. Kidonge nilikifunga kwenye ncha ya mtandio, kama senti za bibi.

Maabara kulikuwa na kijana wa kiume, mgeni kwangu. Akanifunga mpira mkononi, akatafuta mshipa, na huku anatafuta akauliza, kama wanavyouliza wote, macho yakiwa kwenye mkono wangu:

"Dawa unatumia vizuri, mama?"

"Leo bado, ninayo hapa. Na wiki iliyopita niliruka moja. Jumatano."

Akaacha kutafuta mshipa. Akavuta karatasi, akaandika.